Kufa, Kuganda, Kukwama: Namna ya Kuikwamua Kompyuta ya Linux Uwandani

1. Utangulizi

Saa ya kompyuta yangu ilisimama kwenye 16:31. Tulikuwa Manguredjipa, makao makuu ya sekta ya Bapere katika teritori ya Lubero, magharibi mwa Butembo. Kando yangu, chini ya baraza, alikuwa ameketi mzee anayenifundisha Kipere, lugha ambayo Guthrie aliiweka katika kundi la D30 pamoja na Kibira, mbali na Kinande changu kilicho katika kundi la D40. Kwa muda wa saa moja na nusu tulikuwa tukisikiliza tena hadithi aliyonisimulia asubuhi, sentensi kwa sentensi. Kinasa sauti nilikuwa nimekizima ili kuokoa betri. Kila alichonieleza mzee kuhusu toni za vitenzi, na kila sentensi aliyoikataa na sababu yake, niliviandika moja kwa moja ndani ya ELAN. Mara ya mwisho kuhifadhi faili ilikuwa kabla ya saa tisa na nusu.

Sauti ya hadithi ilikuwa salama kwenye kinasa. Maelezo hayakuwa salama popote ila ndani ya kumbukumbu ya kompyuta iliyokuwa haisikii. Na kesho yake alfajiri mzee angeondoka kwenda shambani kwake msituni, kwa majuma kadhaa.

Kijana wa nyumba jirani, anayechaji simu za watu kwa paneli ya jua, alitazama skrini akatoa hukumu: "Mashini imekufa hiyo. Finya tu buto ya kuzimisha."

Makala hii inaeleza kwa nini sikufinya, nilifanya nini badala yake, na wewe ufanye nini siku eneokazi la Linux litakaposimama ukiwa mbali na fundi na mbali na intaneti. Wengi wetu katika kitivo tunatumia Linux, kwa sababu haina gharama na inafanya kazi kwenye kompyuta kuukuu tulizo nazo, lakini hakuna somo linalotufundisha kuitunza. Hoja yangu ni ya mwanaisimu zaidi kuliko ya fundi: kitenzi unachokichagua kulitaja tatizo ndicho kinachoamua kidole chako kitakwenda wapi.

2. Vitenzi vitatu na kauli ya kutendua

Tusikilize kwanza jinsi watu wanavyosema. Kompyuta ikisimama, Butembo na Beni utasikia "imekufa", "imekwama", na kutoka Kifaransa "imebloke". Katika maandishi ya Kiswahili sanifu utakuta pia "imeganda". Wasemaji huvitumia vitenzi hivi kana kwamba ni visawe. Mofolojia yake inaonyesha kwamba si visawe.

Kwama ina mwenzake kwamua. Ganda ina mwenzake gandua. Katika vyote viwili tunakuta kauli ya kutendua, ile ile ya funga na fungua, ziba na zibua. Lugha yenyewe inakiri kwamba hali hii inaweza kurudishwa nyuma, na kwamba kuna mtu wa kuirudisha. Lakini -fa haina kauli ya kutendua. Ukijaribu kuiunda unapata fua, ambayo ni kitenzi kingine kabisa: unafua nguo au unafua chuma, humfui aliyekufa. Anayesema "imekufa" amekwisha kusema kwamba hakuna kazi iliyobaki isipokuwa kuzika, na kwenye kompyuta kuzika ni kubonyeza kitufe cha umeme kwa sekunde tano.

Tofauti kati ya kwama na ganda nayo ina manufaa. Kilichoganda kimeganda chote, kama mafuta ya mawese asubuhi ya baridi. Kilichokwama kimezuiwa mahali pamoja, na sehemu nyingine zote ni nzima. Kompyuta ya Linux iliyosimama, mara nyingi, imekwama. Kwa hiyo swali la kuuliza ni "imekwama wapi?"

3. Nilivyopoteza kazi Butembo

Sikujifunza hayo kwa hekima. Miezi michache kabla ya safari hiyo, nikiwa nyumbani Butembo, nilikuwa nikiandika vitomeo vya kamusi ndogo. Ghafla vichwa vya madirisha vilitoweka: ile mistari ya juu yenye jina la faili na alama ya kufunga haikuonekana tena. Kishale cha kipanya kilitembea vizuri. Saa kwenye kona iliendelea kuhesabu dakika. Lakini nilipochapa herufi hazikuingia popote, na madirisha hayakusogea. Nilisema "imekufa", nikabonyeza kitufe. Jioni nzima ya kazi ikaenda.

Nilipoiwasha tena nilisoma kumbukumbu za mfumo za kipindi kilichotangulia kwa amri hii:

journalctl -b -1 -e

Alama -b -1 ina maana "kipindi kilichopita kabla ya kuwasha upya", na -e inakupeleka moja kwa moja mwishoni. Huko nilikuta kwamba programu moja tu ndiyo iliyoanguka: xfwm4, inayopanga madirisha katika eneokazi la Xfce. Diski ilikuwa nzima, kumbukumbu ilikuwa nzima, na programu yenye vitomeo vyangu ilikuwa ikiendelea kuishi nyuma ya pazia, ikinisubiri. Amri moja, nitakayoitaja hapa chini, ingemrudisha mpangaji wa madirisha, nami ningehifadhi faili. Kazi yangu niliiua mwenyewe.

4. Tabaka za mfumo

Mzungumzaji wa lugha akikataa sentensi yako, husemi kwamba lugha imevunjika. Unajiuliza kosa liko tabaka gani: ni sauti, ni mofolojia, ni sintaksia, ni maana, au sentensi ni sahihi ila hakuna anayeweza kuisema mbele ya wakwe? Unabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na kusikiliza. Mfumo wa Linux nao una tabaka, na uchunguzi wake ni wa namna hiyo hiyo.

Tabaka la chini kabisa ni kerneli, yaani Linux yenyewe kwa maana halisi, aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Kerneli inagawa kumbukumbu, inaongea na diski, na inapokea kila kitufe unachobonyeza. Juu yake kuna seva ya picha, inayochora skrini. Kwenye kompyuta nyingi kuukuu hii ni X, na kwenye mifumo mipya ni Wayland. Juu ya seva ya picha kuna mpangaji wa madirisha. Juu yake kuna eneokazi lenyewe, pamoja na menyu, saa na picha za folda. Mwisho kabisa kuna programu zako: ELAN, Praat, LibreOffice.

Jambo la kushika ni hili: tabaka la juu likianguka, la chini linaweza kuendelea. Linux ilizaliwa katika ukoo wa mifumo iliyofanya kazi kwa maandishi matupu. Skrini ya picha ni nguo iliyovaliwa juu, na nguo ikichanika mwili upo. Na kwa kuwa mwili upo, kuna mlango wa kuufikia bila kupitia kwenye nguo.

Neno dogo kuhusu majina, kwa kuwa tuko kitivo cha lugha. Mfumo ninaoutumia ni Xubuntu, ndugu wa Ubuntu iliyotoka mara ya kwanza Oktoba 2004. Jina hilo limechukuliwa katika lugha za Wanguni za kusini mwa Afrika, na ni utu wetu wa Kiswahili, lenye mzizi ule ule tulio nao katika omundu ya Kinande. Mwaka huo huo wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Kwa hiyo kuzungumza juu ya Linux kwa Kiswahili hatukuanza sisi.

5. Manguredjipa, hatua kwa hatua

Nirudi barazani. Kijana alikuwa amesema mashini imekufa. Mzee aliniuliza, "Mtoto yangu, ni kweli imekufa?" Nikamjibu, "Hapana, mzee, imekwama." Akacheka. Anayeijua barabara ya kutoka Butembo kupitia Njiapanda wakati wa mvua anakijua kitenzi hicho vizuri. "Basi ni kama gari kwenye matope," akasema. "Tafuta gurudumu gani limezama."

Hatua ya kwanza: usiguse, tazama

Nilitoa mikono kwenye kibodi, nikatazama kwa dakika moja. Nawashauri mtazame vitu vinne.

Kishale cha kipanya: kinatembea, kinarukaruka, au kimesimama kabisa? Changu kilirukaruka, kila sekunde chache hatua moja. Saa: inaendelea? Yangu ilikuwa imesimama. Taa ya diski: inazimika na kuwaka, au inawaka mfululizo? Yangu iliwaka mfululizo bila kupumzika. Taa ya herufi kubwa: ukibonyeza Caps Lock, inaitika? Yangu iliitika, baada ya kama sekunde kumi.

Taa hii ya mwisho ina hila yake. Ikiitika, mfumo unakusikia. Isipoitika, usikate tamaa, kwa sababu ukiwa kwenye skrini ya picha ni seva ya picha inayoiongoza, na huenda seva hiyo pekee ndiyo iliyokwama. Lakini taa ikiwa inamweka yenyewe, bila wewe kugusa kitu, hiyo ni dalili kwamba kerneli yenyewe imeanguka, na hapo kweli hakuna la kukwamua.

Dalili zangu ziliungana kuwa picha moja. Kishale kinachorukaruka na diski isiyopumzika ni alama ya kumbukumbu iliyojaa. Kumbukumbu ya RAM ikijaa, kerneli huhamishia baadhi ya yaliyomo kwenye eneo la akiba ndani ya diski. Diski ni ya polepole mno kuliko RAM, hasa diski ya zamani inayozunguka. Mfumo unatumia muda wake wote kubeba mizigo kutoka huku kwenda kule, na haupati nafasi ya kukujibu. Haujafa; umeelemewa.

Hatua ya pili: ingia kwa mlango wa maandishi

Bonyeza kwa pamoja:

Ctrl + Alt + F3

Kwenye kompyuta mpakato nyingi utahitaji kushika na kitufe cha Fn. Skrini ya picha itaondoka, na utaona skrini nyeusi inayokuuliza jina lako la mtumiaji. Kama mfumo umeelemewa, subiri. Mimi nilihesabu hadi mia na ishirini kabla ya kuona kitu. Usibonyeze tena na tena, kwa maana kila ubonyezo ni mzigo mwingine kwenye foleni. Ukichelewa kuingiza neno la siri, mfumo unaweza kukuambia kwamba muda umekwisha. Anza upya, bila hasira.

Hapa kuna mtego kwa sisi tunaotumia kibodi za Kifaransa. Huenda skrini ya maandishi inadhani kibodi yako ni ya Kiingereza. Neno langu la siri lilikataliwa mara ya kwanza kwa sababu hiyo. Katika hali hiyo a na q zimebadilishana nafasi, z na w vilevile, m iko kwenye kitufe cha mkato kilicho kando ya n, tarakimu hazihitaji Shift, na kistari (-) kiko kwenye kitufe cha mabano ya kufunga, mara baada ya sifuri. Andika kwanza neno lako la siri mahali pa jina la mtumiaji ili uone herufi zinatokeaje, ulifute, kisha uingie. Hakikisha tu kwamba hakuna anayechungulia.

Hatua ya tatu: uliza maswali mafupi

Ukishaingia, uliza hali ya kumbukumbu:

free -h

Jibu langu lilionyesha kwamba, katika gigabaiti nne za RAM, iliyobaki ilikuwa chembe tu, na eneo la akiba la gigabaiti mbili lilikuwa limejaa lote. Dhana yangu ikathibitika. Kama kumbukumbu ingekuwa na nafasi, swali la pili lingekuwa hili:

df -h

Amri hii inaonyesha nafasi iliyobaki kwenye diski. Sisi tunaobeba video na sauti tunajaza diski bila kujua, na diski iliyojaa kabisa huzuia programu kuandika chochote, hata kuhifadhi faili yako. Kisha uliza nani anakula:

top

Bonyeza M kubwa ili orodha ipangwe kwa ukubwa wa kumbukumbu. Kutoka ndani yake ni q. Kama kibodi imegeuka, bonyeza kitufe kilichoandikwa a. Safu ya kwanza ina namba ya kila mchakato, na safu ya mwisho ina jina lake. Tazama pia safu ya herufi S, inayoonyesha hali. R ni unaoendelea, S ni uliolala ukisubiri kazi, D ni unaoisubiri diski na usioweza kukatizwa. Mchakato ulio katika D hausikii hata amri ya kuuua mpaka diski iujibu. Ukiona D nyingi, na umechomeka flashi au kadi ya kamera, huenda gurudumu lililozama ni hilo.

Orodha yangu ilikuwa na majina mawili juu. La pili lilikuwa java, ndiyo ELAN. La kwanza lilikuwa tumblerd.

Hatua ya nne: chagua wa kuondoa

Tumblerd ni mtumishi mdogo wa Xfce ambaye kazi yake ni kuchora picha ndogo za faili ndani ya folda. Mchana nilikuwa nimenakili video kutoka kwenye kamera, na dakika chache kabla ya mkwamo nilifungua folda hiyo ili kuona kama zote zimefika. Tumblerd akaanza kufungua video moja baada ya nyingine ili anitengenezee picha ambazo sikuziomba, akala kumbukumbu yote.

Hapa ndipo uamuzi ulipo. Ningeiondoa ELAN, ningepata nafasi kubwa mara moja, na ningepoteza yote. Kanuni yangu sasa ni hii: usiiguse programu iliyobeba kazi yako mpaka umejaribu nyingine zote. Andika kill na namba ya mchakato uliouchagua. Wangu ulikuwa 2147:

kill 2147

Bila nyongeza, amri hii ni ombi: inauambia mchakato ufunge mambo yake na utoke. Upe muda. Ukikataa kabisa, ndipo useme:

kill -9 2147

Hiyo si ombi tena. Kerneli inaung'oa bila kuupa nafasi ya kuaga. Tumblerd alitoka kwa ombi la kwanza. Nilirudia free -h kila baada ya nusu dakika, nikaona kumbukumbu ikifunguka kidogo kidogo. Taa ya diski ikaanza kumweka badala ya kuwaka mfululizo.

Hatua ya tano: rudi, hifadhi, kisha ndipo ufurahi

Kurudi kwenye skrini ya picha kwangu ni Ctrl + Alt + F7. Kwenye Ubuntu ya kawaida huwa ni F2 au F1. Saa iliruka kutoka 16:31 hadi 16:44. ELAN ilikuwa pale pale, kwenye sentensi ile ile. Nilibonyeza Ctrl + S kabla ya kusema neno lolote, nikanakili faili kwenye flashi, nikaandika sync katika dirisha la amri ili kuhakikisha kwamba kila kitu kimeshuka kweli. Mzee alikuwa bado ameketi. Tuliendelea hadi giza lilipoingia, tukamaliza.

6. Kama tatizo ni jingine

Mkwamo wangu wa Manguredjipa ulikuwa wa kumbukumbu. Ule wa Butembo ulikuwa wa mpangaji wa madirisha. Dalili za ule wa pili ni tofauti: kishale kinatembea vizuri, saa inaendelea, lakini madirisha hayana vichwa au hayapokei herufi. Katika Xfce, kwenye skrini ya maandishi, andika:

DISPLAY=:0 xfwm4 --replace &

Sehemu ya kwanza inataja skrini ya picha inayohusika, na ya pili inamweka mpangaji mpya mahali pa aliyeanguka. Anayetumia Linux Mint yenye eneokazi la Cinnamon anaweza kujaribu Ctrl + Alt + Esc, bila hata kwenda kwenye maandishi. Programu zako hazifungwi.

Kama seva ya picha yenyewe imekwama, unaweza kuanzisha upya skrini nzima ya kuingilia. Kwenye Xubuntu amri ni:

sudo systemctl restart lightdm

Kwenye Ubuntu ya kawaida weka gdm mahali pa lightdm. Lakini jua unachokifanya: kompyuta haizimiki, ila programu zote za picha zinafungwa, na kazi ambayo haikuhifadhiwa inapotea. Faida yake ni kwamba diski haidhuriki.

Na kama hata Ctrl + Alt + F3 haitikiwi? Kerneli ina mlango wake wa siri, unaopita chini ya tabaka zote. Shika Alt na kitufe cha kupiga picha skrini, kilichoandikwa Impr au Print Screen na wakati mwingine SysRq. Kwenye kompyuta mpakato huenda ukahitaji Fn ili kukifikia. Ukiwa umeshika, bonyeza herufi hizi moja moja, ukiacha sekunde kadhaa katikati:

S, kisha U, kisha B

S inaiambia kerneli iandike kwenye diski kila kilichokuwa kinasubiri kuandikwa. U inazifanya diski ziwe za kusomwa tu, ili zisiharibike. B inawasha upya. Vitabu vingi vya Linux vinataja herufi sita, R, E, I, S, U, B, lakini Ubuntu kwa kawaida inaruhusu hizi tatu za mwisho tu. Na herufi hizo ziko mahali pale pale kwenye kibodi ya Kifaransa na ya Kiingereza. Kuzikumbuka si kazi kwa Mswahili: ndizo zinazoanza neno subiri.

Njia hii haiokoi kilichokuwa ndani ya RAM. Inaokoa diski. Kubonyeza kitufe cha umeme, ambako ndiko kuzika, kubaki mwisho wa mwisho. Mfumo wa faili wa ext4, unaotumika kwenye Ubuntu, una daftari linalolinda mpangilio wake umeme ukikatika ghafla, lakini daftari hilo haliwezi kulinda sentensi ambazo hazikuwahi kufika kwenye diski.

7. Kabla ya kwenda uwandani

Mambo machache yafanywe mjini, ambako kuna umeme na intaneti.

Katika ELAN, fungua menyu ya faili na uwashe hifadhi ya kujiendesha yenyewe, kila dakika tano. Usidhani imewashwa, yangu haikuwa imewashwa, na ndiyo sababu ya makala hii.

Katika Thunar, mpangaji wa folda wa Xfce, nenda kwenye mapendeleo na uzuie uchoraji wa picha ndogo. Jina la faili linatosha.

Sakinisha earlyoom, programu ndogo inayotazama kumbukumbu na kuuondoa mchakato mkubwa kabla mfumo haujaelemewa. Lakini kumbuka kwamba mchakato mkubwa unaweza kuwa ni ELAN yako. Programu hii inaruhusu kutaja majina ya kuepushwa, basi taja java.

Jizoeze kuingia kwa Ctrl + Alt + F3 siku ambayo hakuna tatizo. Jua kama kibodi yako inageuka. Andika amri za makala hii kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako la uwandani, kwa kuwa siku ya mkwamo hutaweza kuzisoma kwenye skrini.

Na kinasa sauti kisizimwe wakati wa maelezo. Mimi nilihesabu betri, nikasahau kuhesabu mzee. Betri za Manguredjipa zinauzwa dukani.

8. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kompyuta ya Linux iliyosimama ni mfumo wenye tabaka, na kwamba mara nyingi tabaka moja tu ndilo limezuiwa. Kulitafuta kunahitaji kutazama, kuuliza maswali mafupi na kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kazi ambayo mwanafunzi wa isimu anaifanya kila siku mbele ya mzungumzaji. Kinachotuzuia kuifanya mbele ya mashini ni kitenzi. Tukisema "imekufa" tumekwisha kuamua kabla ya kuchunguza.

Ningependa kujua wasomaji wa lugha nyingine wanasemaje. Katika lugha yako, kompyuta ikisimama mnatumia kitenzi gani, na kitenzi hicho kina kauli ya kutendua? Nina orodha fupi niliyoianza kwa Kinande, Kipere na Kiswahili cha Butembo. Wenzangu wa lugha nyingine za kitivo wakiniongezea mifano, tutaweza kuijadili katika semina ya mofolojia.

Mzee aliondoka alfajiri kwa miguu, kama alivyosema. Aliporudi msituni nilikuwa nimekwisha kurudi Butembo, na faili yenye maelezo yake iko mahali patatu: kwenye kompyuta, kwenye flashi, na kwenye diski ya rafiki. Sentensi arobaini na saba, na kila moja ina sababu yake iliyoandikwa kando.